Tangazo Lina Uzito Kuliko Filamu

Dokumentari nyingi za gerezani humalizika kuhaririwa pale pale pesa zinapoishia. Kibali cha kuingia na kamera kimekula miezi, mwanasheria ameshalipwa, sauti zimesafishwa, na kilichobaki cha kuitangazia filamu hakitoshi hata kuchapisha mabango. Filamu ya kwanza huweza kuvumilia hali hiyo, kwa sababu ugeni wenyewe huitangaza: watu wachache wamewahi kuona maisha ya ndani, na geti likifunguliwa mbele ya kamera kila mtu hutaka kuchungulia. Filamu ya pili, ile inayowarudia wafungwa wale wale baada ya miaka mitano au kumi, haina ugeni huo. Geti limeshaonekana. Ndipo mtayarishaji mwenye mfuko mwembamba anapokimbilia kitu cha bei nafuu kuliko vyote: sura ya mfungwa iliyovutwa karibu hadi vinyweleo vinahesabika, jina lake, kosa lake kwa herufi nene, na muziki wa kutisha unaonguruma chini yake.

Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibika, hata pale filamu yenyewe ilipotengenezwa kwa uangalifu. Filamu ya dakika 90 ikibahatika huonwa na maelfu kadhaa. Kionjo chake cha dakika moja na bango lake huonwa na watu wengi mno kuliko hao, na walio wengi hawatafika kwenye filamu kamwe. Kwao tangazo ndiyo filamu yote. Ikiwa mtu anayeonyeshwa ameshatoka gerezani, basi miongoni mwa watazamaji hao yumo mwenye nyumba aliyompangisha, yumo msimamizi wake kazini, na wamo wazazi wa watoto wanaosoma darasa moja na mwanawe. Ndani ya filamu ana dakika 20 za kueleza amekuwa nani. Kwenye bango hana hata sekunde.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye bajeti ndogo auze swali ambalo filamu ya kwanza ililiacha wazi, aliuze kwa watu anaoweza kuwafikia kwa majina, ukumbi kwa ukumbi, na aache kuuza sura na kosa. Wapo watakaosema huo ni uungwana unaowafaa waliolipwa kwanza. Naamini pia ndiyo njia pekee inayolipa, lakini nianze na upande wa uungwana, maana sheria ilishaupitia kabla yetu.

Mwaka 1925 Hollywood ilitoa filamu bubu kuhusu mwanamke aliyekuwa kahaba, akashtakiwa kwa mauaji na kuachiwa huru. Hadithi ilikuwa ya kweli na mwanamke alikuwa hai. Alikuwa ameolewa, akiishi maisha mengine kabisa miongoni mwa marafiki wasiojua lolote la zamani yake, hadi jina lake la usichana lilipotumika kwenye filamu na kwenye matangazo yake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1931 mahakama ya rufani ya California ikatoa uamuzi katika kesi inayofahamika kama Melvin dhidi ya Reid. Majaji walitenganisha mambo mawili. Matukio yaliyokuwa kwenye kumbukumbu za mahakama yalikuwa ya umma, na yeyote angeweza kuyasimulia. Kulitumia jina lake halisi katika hadithi na katika matangazo hakukuwa na ulazima wowote, na kwa hilo alikuwa na haki ya kudai. Hadithi ilikuwa halali, ila namna ya kuiuza ndiyo iliyomleta mwanamke yule mahakamani.

Miaka 42 baadaye Ujerumani Magharibi ilikutana na jambo lile lile kwa ukali zaidi. Mwaka 1969 wanajeshi wanne waliuawa katika uvamizi wa ghala la silaha huko Lebach. Wahusika wakuu wawili walifungwa maisha, na msaidizi wao akapewa miaka sita. Kituo cha televisheni cha ZDF kilitengeneza filamu kuhusu tukio hilo ikiwa na majina na picha za wahusika, na kikapanga kuirusha wakati msaidizi yule akikaribia kuachiwa. Juni 1973 Mahakama ya Katiba ilizuia. Haikusema umma hauna haki ya kujua. Ilikubali kwamba habari za uhalifu wa karibuni huwa na nguvu kuliko faragha ya mhalifu. Ila nguvu hiyo hupungua kadiri muda unavyopita, na mtu anapokaribia kurudi uraiani, nafasi yake ya kuanza upya nayo huwekwa kwenye mizani. Mwaka 1999 mahakama hiyo hiyo iliruhusu filamu nyingine kuhusu tukio lile lile, na ndani yake majina yalikuwa yamebadilishwa na sura hazikuonyeshwa.

Mwongozaji anayerudi gerezani baada ya miaka kumi anakumbana na Lebach kila siku, hata kama nchi yake haina hukumu kama ile. Filamu ya kwanza ilimkuta mtu akiwa kifungoni, jina lake likiwa bado moto magazetini. Ya pili inamkuta akiwa mlangoni au ameshatoka. Mizani imehama, lakini mara nyingi fomu ya ridhaa iliyomo kwenye faili ni ile ile aliyoisaini akiwa ndani, mbele ya askari, akiwa hana mahali pa kwenda wala sababu ya kuamini kwamba kukataa hakutamgharimu. Ugomvi juu ya ridhaa ya aina hiyo ndio uliofanya dokumentari ya Frederick Wiseman ya mwaka 1967, iliyopigwa katika hospitali ya wafungwa wagonjwa wa akili huko Massachusetts, izuiwe kuonyeshwa kwa umma hadi mwaka 1991. Mahakama ilisema inalinda faragha ya wafungwa. Wiseman alishikilia kwamba iliyolindwa ni serikali iliyoaibishwa na hali ya mle ndani. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na hoja, na ndiyo maana inafaa ridhaa ya filamu ya pili iombwe upya, nje ya gereza pale inapowezekana, ikiwa na kifungu chake cha matangazo. Mtu anaweza kukubali kuonekana kwenye filamu na akakataa kuonekana kwenye bango. Anayemuuliza maswali hayo mawili kama swali moja anamhadaa.

Tuje kwenye biashara. Filamu ya pili ina mtaji ambao hakuna kampuni ya matangazo inayoweza kuununua, nao ni muda uliopita. Kila aliyeona filamu ya kwanza aliondoka na swali moja: yule kijana aliishia wapi? Swali hilo limekaa bila gharama yoyote kwa miaka, likisubiri mtu wa kulijibu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kazi ya Arnold Shapiro. Mwaka 1978 aliwapiga picha vijana watukutu wakipelekwa gereza la Rahway, New Jersey, ambako wafungwa wa kifungo cha maisha waliwafokea kwa saa kadhaa ili wawatie hofu ya uhalifu. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar. Kisha ikarudiwa: mwaka 1987 swali lilikuwa vijana wale wako wapi baada ya miaka kumi, na mwaka 1999 baada ya miaka 20. Majina ya filamu hizo yalitaja idadi ya miaka, na tangazo likawa limekamilika kwa hilo tu. Haikuhitajika kueleza hadithi nzima upya.

Ila mfano huo una upande wake mchungu. Filamu ya kwanza iliaminisha watu kwamba vitisho vinafanya kazi, na miradi ya kuiga ikazuka katika majimbo mengi ya Marekani. Mtafiti Anthony Petrosino na wenzake walipokusanya majaribio tisa yaliyolinganisha vijana waliopelekwa magerezani na wasiopelekwa, walikuta waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko walioachwa. Filamu inayorudi kwa watu wake baada ya miaka ina nafasi adimu ya kuupima utabiri wa filamu iliyotangulia, na hicho ndicho kingekuwa kivutio chake kikubwa: tulisema hivi, tazameni kilichotokea. Watayarishaji wengi huogopa kusema hivyo kwenye tangazo wakidhani wanajivunjia heshima. Mimi naona kinyume chake. Mwandishi wa habari anayepokea barua pepe nyingi kwa siku atazipita zinazosema “safari ya matumaini nyuma ya nondo” na kusimama kwenye ile inayosema kwamba filamu ya pili inapinga ya kwanza.

Muda una tabia nyingine pia, haufuati kalenda ya uzinduzi. Filamu ya tatu ya Joe Berlinger na Bruce Sinofsky kuhusu vijana watatu wa West Memphis, Arkansas, waliotiwa hatiani kwa mauaji ya watoto watatu, ilikuwa imeshapangwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2011 wakati watu hao, baada ya miaka 18 kifungoni, walipoachiwa huru Agosti 19 kwa makubaliano ya kisheria. Mwisho wa filamu ukabidi utengenezwe upya. Kituo cha televisheni cha HBO kiliweza kuumudu msukosuko huo. Mwenye bajeti ndogo aliyekwisha kuchapa mabango yenye maneno “bado wako ndani” angekuwa amezika fedha yake yote kwenye karatasi. Msamaha, rufaa, kifo na uhamisho wa gereza ni mambo yanayoamuliwa na watu wasiojua kwamba filamu yako ipo. Chochote kinachochapishwa kisibebe tarehe wala hali ya mfungwa. Hayo yakae kwenye ukurasa wa mtandao unaobadilishwa kwa dakika mbili.

Filamu hizo tatu za Arkansas, za mwaka 1996, 2000 na 2011, zinafundisha jambo lingine. Baada ya ya kwanza, watazamaji wenyewe walianzisha tovuti, wakachangisha fedha na kwenda mahakamani kushuhudia. Filamu ya pili ilijaa wao. Hakuna bajeti ya matangazo inayoweza kununua kitu kama hicho. Wakati huo huo filamu ya pili iliacha shaka zito juu ya baba wa kambo wa mmoja wa watoto waliouawa, mtu ambaye hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo, na kwa miaka mingi alitazamwa na wageni kama muuaji. Baadaye yeye mwenyewe aliwaunga mkono wafungwa wale. Hadhira inayoalikwa kuwa mpelelezi lazima impate mshukiwa, na mshukiwa huyo ni binadamu anayekwenda sokoni. Nikiona tangazo la dokumentari ya gereza linalomaliza kwa “amua wewe mwenyewe”, huwa najiuliza ni nani atakayelipa gharama ya uamuzi huo.

Kuna pia wito unaogonga mlango usio wake. Baada ya mfululizo wa Netflix wa Desemba 2015 kuhusu kesi ya mauaji ya Wisconsin, watu zaidi ya 100,000 walisaini ombi kwa Ikulu ya Marekani wakitaka wafungwa wawili wasamehewe. Ikulu ilijibu kwamba Rais hana mamlaka hayo, kwa kuwa hatia ilikuwa ya mahakama ya jimbo. Saini zote zile, na hakuna aliyekuwa ameuliza mapema mlango ni upi. Filamu ndogo inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo bila senti ya ziada: ijue kama anayeamua ni bodi, gavana, waziri au jaji, ijue kikao ni lini, na iwaelekeze watazamaji wake 200 huko huko.

Sasa fedha. Jambo la kwanza ambalo kila mtu hushauri ni kulipia matangazo kwenye mitandao ya kijamii, na kwa filamu ya aina hii ndilo ningelifuta mapema. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huhesabu uhalifu miongoni mwa masuala ya kijamii huko Marekani, maana yake tangazo la filamu ya gereza laweza kuhitaji uthibitisho wa utambulisho wa mlipaji na maelezo ya nani kalipia, na bila hayo likashushwa katikati ya wiki ya uzinduzi. Katika Umoja wa Ulaya kampuni hiyo ilisitisha kabisa matangazo ya kisiasa na ya masuala ya kijamii Oktoba 2025. Hata pale linapopita, mashine inayogawa matangazo hujifunza kutokana na wanaobofya, na wanaobofya kwa haraka ni wale waliovutwa na sura na kosa. Ukilipa kidogo unapata wachache, na wachache wenyewe ndio usiowataka: wanatazama sekunde kumi, wanatukana, wanaondoka.

Matamasha ya filamu ni mtego wa heshima zaidi. Kila ombi hulipiwa makumi ya dola, na maombi 30 ni fedha ya kutosha kuzungusha filamu kwenye kumbi kadhaa. Tamasha kubwa likiikubali, linadai liwe la kwanza kuionyesha, na filamu hufungiwa kabatini miezi kadhaa ikisubiri. Matamasha mawili au matatu yanayohusiana na haki za binadamu au na mji ambako gereza lilipo yanatosha. Mengine ni bahati nasibu ambayo waandaaji wake hawajawahi kupata hasara.

Kitu cha kununua ni muda wa mtu mmoja. Mtu anayejua kupiga simu, aliyelipwa siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, ana thamani kuliko kampuni ya matangazo iliyolipwa mara moja. Kazi yake ni orodha: vyama vya mawakili, vyuo vinavyofundisha sheria na ustawi wa jamii, maofisa wanaosimamia walioachiwa kwa masharti, wachungaji na maimamu wanaoingia magerezani, walimu wa wafungwa, vikundi vya familia zenye mtu ndani. Hawa wana sababu ya kikazi au ya damu ya kuitazama. Wengi wana ukumbi, wana projekta, wana siku ya mafunzo kwenye ratiba ambayo haijapata mada. Ukimpata mkuu mmoja wa idara ya sheria anayeifundishia kila mwaka, umepata watazamaji wapya kila mwaka bila tangazo.

Tena hao hulipa. Sinema huchukua sehemu kubwa ya tiketi, na majukwaa ya mtandaoni huzipa filamu ndogo makombo, ilhali chuo au maktaba hununua leseni ya kuonyesha darasani kwa mamia ya dola, kisha huitunza nakala. New Day Films, ushirika wa watengenezaji filamu wa Marekani ulioanza mwaka 1971, umeishi kwa soko hilo zaidi ya nusu karne: wanachama ndio wamiliki, na kila mmoja hubeba sehemu ya kazi ya kuuza. Sharti ni kuiandaa filamu kwa mahitaji ya darasa. Nakala ya dakika 50 inayoingia ndani ya kipindi kimoja, manukuu yaliyosahihishwa na binadamu, na karatasi chache za maswali ya kujadili zitaleta fedha kuliko kionjo cha pili.

Mwaka 2004 Robert Greenwald alipotoa dokumentari yake kuhusu kituo cha Fox News hakungoja wenye sinema. Kwa kushirikiana na kundi la wanaharakati la MoveOn, filamu ilionyeshwa katika maelfu ya nyumba za watu kwa wakati mmoja, kwa nakala za DVD. Watu walikaa sebuleni, wakatazama, wakabishana. Kwa filamu za gereza mpango huo una faida zaidi, kwa sababu mazungumzo ya baadaye ndiyo nusu ya kazi. Mtu aliyetoka kifungoni akisimama mbele ya watu 40, anaulizwa, anajibu, anaweza kumsahihisha mwongozaji papo hapo. Alipwe kwa hilo. Nauli, chakula na posho yake viwe juu kwenye bajeti, si mwishoni pa “ikibaki”. Nimeona mara nyingi mno mwongozaji akilipwa kwa kuzungumza na mhusika akishukuriwa kwa kufika.

Malipo ni jambo ambalo filamu ya pili hulifumua hata kama ya kwanza ililifunika. Wahusika wamekuwa na miaka ya kuona nani alipata tuzo na nani alipata umaarufu. Randall Dale Adams, aliyehukumiwa kimakosa kwa mauaji, alitoka gerezani Texas mwaka 1989, na uchunguzi wa dokumentari ya Errol Morris ya mwaka uliotangulia ulichangia pakubwa. Baadaye wawili hao waligombana kisheria juu ya nani ana haki ya hadithi ya maisha ya Adams, na Adams alieleza kwamba hakuwa akidai fedha za filamu, alitaka hadithi yake irudi mikononi mwake. Mtu aliyeokolewa na filamu alilazimika kuidai hadithi yake kwa aliyemwokoa. Karatasi mbili zilizoandikwa kwa lugha ya kueleweka kabla ya kionjo kutoka, zikisema nani anamiliki nini na asilimia gani inakwenda wapi, ni nafuu kuliko wakili yeyote. Tena ziangaliwe dhidi ya sheria ya mahali husika: baadhi ya majimbo ya Marekani yana sheria zinazobana fedha ambazo mhalifu anaweza kupata kutokana na hadithi ya kosa lake, New York ikiwa imeanza mwaka 1977.

Familia za waliotendewa uhalifu zipewe taarifa kabla ya umma, kwa barua au kupitia ofisi inayowahudumia waathirika pale ilipo, zikiambiwa tarehe na kitakachoonekana. Haziombwi ruhusa. Zinaondolewa tu balaa la kukutana na sura ile kwenye simu wakiwa kwenye basi.

Sauti ni njia ambayo wenye fedha kidogo wanaidharau bila sababu. Podikasti ya gereza la San Quentin, California, iliyoanza mwaka 2017 chini ya Earlonne Woods, aliyekuwa mfungwa, na msanii Nigel Poor, ilijenga hadhira kubwa bila kuonyesha uso hata mmoja. Novemba 2018 Gavana Jerry Brown alimpunguzia Woods kifungo, akatoka, na kipindi kikaendelea, sasa kikifuatilia pia maisha ya uraiani. Vipande vitano vya sauti vya dakika tatu, kila kimoja kikiwa na mtu mmoja akisimulia siku yake ya kwanza nje, huandaliwa kwa siku chache kutokana na mahojiano yaliyokwisha kurekodiwa. Redio hupenda vitu hivyo. Msikilizaji anamfahamu mtu kwa mawazo yake kabla ya kumfahamu kwa kosa lake, na mwenye nyumba hamtambui mpangaji wake.

Na kuna watazamaji ambao hakuna anayewaweka kwenye mpango wa matangazo: waliobaki ndani. Magereza ya Uingereza na Wales yana redio yao ya taifa, inayoendeshwa na shirika la hisani na kutayarishwa kwa sehemu na wafungwa wenyewe. San Quentin iliandaa tamasha lake la filamu ndani ya kuta Oktoba 2024, wafungwa na wageni wakikaa pamoja. Kuionyesha filamu mle ilikopigwa hakuleti mapato. Kunaleta kibali cha safari ijayo, na kunaleta habari ambayo mhariri wa gazeti ataitaka. Wakuu wa magereza huzungumza wenyewe kwa wenyewe. Aliyeona filamu ikirudishwa kwa heshima huwa mtetezi wako kwa mwenzake wa gereza jingine.

Wilbert Rideau aliliona hilo mapema. Alikuwa mfungwa wa Angola, Louisiana, mhariri wa jarida la gereza, na jina lake limo miongoni mwa waongozaji watatu wa dokumentari ya mwaka 1998 kuhusu gereza hilo, pamoja na Liz Garbus na Jonathan Stack. Mwaka 2005 aliachiwa baada ya miaka 44. Stack aliporudi Angola na kutoa filamu ya kufuatilia mwaka 2009, mlango ulikuwa bado wazi. Mlango wa aina hiyo hufunguliwa na namna ulivyoondoka mara ya kwanza.

Kuhusu tarehe sina mengi. Julai 18, Siku ya Kimataifa ya Nelson Mandela, tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeihusisha pia na haki za wafungwa, sambamba na kanuni 122 zinazobeba jina lake, na vyombo vya habari hutafuta cha kuandika siku hiyo. Oktoba 10 ni siku ya kupinga adhabu ya kifo. Mwenye filamu inayogusa mambo hayo azitumie, na awasiliane na wahariri wiki sita kabla, kwa maana wiki moja kabla kurasa zimeshagawanywa.

Linalobaki ndilo gumu kuliko yote. Tangazo la bei nafuu kabisa la filamu ya pili ni filamu ya kwanza. Iachie bure mtandaoni kwa wiki mbili, na kila atakayeimaliza ni mteja wa ya pili. Kila mshauri atakuambia hivyo, na kwa upande wa hesabu yuko sahihi. Lakini katika kila kundi la wahusika yupo aliyekataa kurudi. Amepata kazi, amehama mji, pengine ana mke asiyejua. Hakusaini chochote cha filamu ya pili, na kutokuwemo kwake kuliheshimiwa. Ukiifungulia filamu ya kwanza kwa dunia nzima ili uuze ya pili, unamrudisha kwenye skrini mtu uliyemwahidi kumwacha, wakati huu bila hata kumpa nafasi ya kueleza alikofika. Mwaka 2018 jaji wa Mahakama Kuu ya London aliiamuru Google iondoe kwenye matokeo ya utafutaji viungo kuhusu hatia ya zamani ya mfanyabiashara aliyejulikana kwa herufi NT2 tu. Mwenzake, NT1, alikataliwa, na moja ya sababu ni kwamba hakuonyesha majuto. Wengi wa wahusika wa dokumentari hawana fedha za kufika mbele ya jaji kama huyo. Kwa hiyo kabla ya kuirudisha filamu ya kwanza hewani, mhariri alipwe siku tatu au nne aipitie upya, afiche sura na kuondoa jina la aliyekataa, na nakala hiyo ndiyo iwe pekee inayozunguka kuanzia hapo. Nikikabidhiwa bajeti ya matangazo ya filamu kama hiyo, mstari wa kwanza ningeuandika hapo, na kama fedha zingeishia kwenye mstari huo huo, filamu ya kwanza ningeiacha kabatini na kuanza kupiga simu.